Meneja kasaini, kampuni inaruka. Nani analipa?

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka palepale, nimeyafupisha, twende.

Nimeuza mzigo kwa meneja manunuzi wa kampuni moja, wameupokea, sasa wakurugenzi wanasema alivuka kiwango chake bila ruhusa ya bodi. Pesa yangu ndo imekufa?

Haifi kirahisi hivyo. Kampuni haina mkono, inasaini kwa mikono ya watu, sasa ukimpa mtu cheo cha meneja manunuzi, ukamwachia mhuri, na oda zake za nyuma ukazilipa bila kelele, si umeshatangaza kwamba huyu ananunua kwa niaba yako? Kile kikomo walichowekeana huko ndani ni chao, kama hukukijua na hakukuwa na cha kukushtua, kwa kawaida hakikuhusu. Halafu mzigo wameutumia! Mahakama nyingi zitasema hapo wamesharidhia wenyewe. Ila kitu kimoja watu wanakosea sana, meneja mwenyewe kukwambia "mi nina mamlaka" hakutoshi, ishara lazima itoke kwa kampuni, yaani cheo walichompa, barua zao, walivyozoea kufanya na wewe.

Bosi wetu hajawahi kuteuliwa mkurugenzi mtendaji kwenye karatasi ila kazi zote anafanya yeye na bodi inajua. Saini yake inaibana kampuni?

Inaibana. Uingereza ilitokea hivyohivyo, kesi ya Freeman & Lockyer ya 1964, jamaa hakuteuliwa ila bodi ilimwachia aendeshe mambo, akawapa wasanifu majengo kazi, kampuni ikaambiwa ilipe. Bodi ikinyamaza nayo inasema kitu.

Je kama alisaini kwa faida ya tumbo lake?

Bado kampuni inaweza kulipa. Mwaka 1971 hukohuko Uingereza kuna katibu wa kampuni alikodi magari akidai ni ya kubebea wateja, kumbe anazunguka nayo mwenyewe, na mahakama ikasema kukodi magari ni kazi ya kawaida ya katibu, kampuni ilipe halafu imalizane na mtu wake. Ila kama wewe ulijua mchezo au ulishtuka ukajifanya huoni, usitegemee kinga hiyo.

Lazima nidai azimio la bodi kila mara?

Vitu vya kila siku hapana, utachekwa. Mkopo mkubwa, kuuza kiwanja cha kampuni au dhamana, dai. Tangu kesi ya Turquand ya 1856, sheria zenye asili ya Kiingereza hazimlazimishi mtu wa nje kuchunguza kama kikao kilifuata taratibu zote, ila karatasi ni bora kuliko kesi.

Tumesaini mkataba kwa jina la kampuni ambayo usajili haujatoka. Kuna shida?

Ipo, na ni yenu nyie mliosaini. Kesi ya Kelner na Baxter ya 1866, watu walinunua mvinyo kwa ajili ya kampuni ya hoteli ambayo haijazaliwa, mvinyo ukanywewa, kampuni ikaja kuanguka, deni likawarudia wao binafsi. Usajili ukitoka sainini mkataba mpya, na huo mpya useme wazi kwamba wa zamani umekufa na nyie hamdaiwi tena.