Kampuni ya usafi ikikua, mwenyewe abaki na kazi gani?

Dada mleta mada, kwa wanaoingia sasa: ana kampuni ya usafi Moshi, wafanyakazi wanane, wateja wake wengi ni ofisi za mjini na nyumba za Shanty Town. Hoteli moja njia ya Marangu inataka watu sita wa kudumu. Anauliza achukue au aache, na kama aajiri meneja, maana zamu anapanga yeye, sabuni ananunua yeye, simu anapokea yeye, ankara anapeleka yeye.

Mimi nina kampuni kama yako Arusha. Tulianza na ofisi za maeneo ya Mnara wa Saa, sasa tunahudumia hadi Usa River. Wengi humu wamekushauri umpe meneja kazi za ndani, wewe utoke ukatafute wateja. Hapo natofautiana nao. Kwa kampuni za ukubwa wetu mteja aliyeridhika ndiye anayeleta mwingine. Kazi ambayo hakuna wa kukufanyia ni kupanga bei na kulinda pesa ya mishahara, na hiyo inahitaji kichwa kilichotulia, siyo kichwa kilichoamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mtu wa zamu hajafika.

Chukua hiyo hoteli yako. Tuseme kila mtu analipwa 400,000 kabla ya makato. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20, na sehemu yako kama mwajiri ni asilimia 10, yaani 40,000. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5, yaani 2,000. Halafu kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, na hapa watu wengi wa fani yetu hawaangalii. Ukiwa na wafanyakazi wanane haikuhusu, inaanzia kwenye kumi. Ukiongeza sita mnakuwa kumi na wanne, na asilimia 3.5 inapigwa kwenye mishahara yote, siyo ya wale wapya tu. Kwa mshahara huo ni 196,000 kila mwezi, na katika hizo 112,000 ni za wale wanane wa zamani, ambazo ofisi za mjini hazikulipi. Lazima ujue nani atazibeba kabla hujatamka bei hotelini.

Kwa hiyo mtu mmoja, ukiweka na 14,000 ya SDL yake, ameshafika 456,000. Sheria inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na hoteli haiwezi kukaa bila kudekiwa, kwa hiyo utamlipa wa kushika nafasi yake. Hiyo ni kama 38,000 ukiigawa kwa miezi. Sasa uko 494,000 na bado hujanunua sabuni, jiki, glovu wala sare, hujalipa nauli, hujapata faida. Anayekuja na bei ya 500,000 kwa kichwa anaahidi asichoweza kutimiza, na wa kuumia ni wale akina mama wanaodeki, maana mshahara wao ndio utakaocheleweshwa.

Jambo la pili ni muda wa pesa. Wafanyakazi wanalipwa mwisho wa mwezi. Hoteli nyingi zinalipa siku 30 au 60 baada ya ankara. Watu sita kwa miezi miwili ni 4,800,000 za mishahara peke yake, na unatakiwa kuwa nazo kabla ya siku ya kwanza. Hata wakilipa, watakata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Utapewa cheti na itahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato, lakini mwezi huo haimo mkononi. Pia angalia mauzo yako ya mwaka: yakifika milioni 200 unaingia kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, na mteja wa nyumbani hana pa kuirudisha hiyo.

Jambo la tatu ni masika, nawe unayajua kuliko mimi. Aprili na Mei wageni wa mlimani wanapungua sana, na hoteli nyingine hufunga kabisa. Mkataba usiposema kitu, watakuambia leta wawili tu. Andikeni idadi ya chini ya watu kwa miezi hiyo, tuseme watatu, na likizo za wengine uzipange hapo hapo. Sisi tulipoanza kufanya hivyo gharama ya watu wa kushikia nafasi ilishuka, na wafanyakazi walifurahi kujua mapema lini wanaenda nyumbani.

Hayo yote ndiyo kazi yako. Sasa za kuachia. Anza na simu. Nunua laini ya kampuni, aishike msimamizi, na mteja apewe namba hiyo, siyo yako. Siku ya kusaini mkataba nenda naye, amwone, atambulishwe kwa jina, aeleze mwenyewe watakavyofanya kazi. Mteja akinipigia mimi baadaye, nampokea kwa heshima, namwambia msimamizi anampigia sasa hivi, na kweli anapiga. Siendi mwenyewe. Ukienda mara moja, msimamizi wako amekwisha, hata wafanyakazi wataanza kumruka.

Huyo msimamizi usimtafute mbali. Kati ya hao wanane yupo ambaye wenzake humfuata bila kuambiwa. Mwongeze mshahara, mpe vocha, na mpe kiasi anachoweza kutumia bila kukuuliza. Kwangu ni 50,000 kwa wiki, za sabuni iliyoisha au bodaboda ya kumpeleka mtu wa dharura. Risiti analeta Ijumaa. Meneja wa kutoka nje mwenye mshahara mkubwa kwa watu kumi na wanne ni mzigo, tena hajui doa la marumaru linatoka na nini. Na kuhusu kumpa usimamizi ndugu wa familia, dada yangu, hapo uwe mkali: kama hajawahi kudeki na hao wafanyakazi, asiwasimamie.

Ukaguzi usiuache. Napita bila kutangaza, naangalia vyoo na chini ya meza, nasalimiana na wafanyakazi, naondoka. Niliyoyaona namwambia msimamizi tukiwa wawili.

Kwa hiyo hoteli ichukue, ila usikubali tarehe ya kuanza mpaka msimamizi wako awe ameendesha hizo ofisi za mjini mwezi mzima bila wewe kushika simu. Wakiwa na haraka, waombe waanze na watu watatu. Rasimu ya mkataba ikija, weka hapa kifungu cha malipo na cha idadi ya watu, ukifuta jina la hoteli, tukipitie pamoja.