Pima Kwanza, Rekebisha Mwisho: Saplai ya Umeme ya Transmita

Transmita, yaani chombo cha kurusha mawimbi ya redio, inapopungua nguvu au sauti yake inapoanza kuvuma, mafundi wengi huchukua bisibisi na kuzungusha rezista ya kurekebisha volti ndani ya saplai inayoilisha umeme. Katika kuhudumia vifaa hivi nimejifunza kuliweka jambo hilo mwisho kabisa, kwa kuwa saplai iliyopangwa vizuri haibadiliki sana ila pale ambapo kitu fulani kimechakaa au kimelegea.

Kipimo kinachochukuliwa wakati transmita imetulia hakitoshi. Mita itaonyesha volti 13.8 zinazotakiwa bila wasiwasi, ilhali transmita ya wati 100 huvuta takriban ampea 20 inaporusha mawimbi, na hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Weka mzigo bandia wa ohmu 50 (rezista inayopokea nguvu badala ya kuirusha hewani) mahali pa antena, rusha kwa muda mfupi, kisha pima sehemu mbili: kwenye vituo vya saplai, yaani pale nyaya za kutokea umeme zinapofungwa, na nyuma ya transmita yenyewe. Ikiwa saplai imeshikilia 13.8 lakini transmita inapata 12.8, volti moja imepotelea njiani, na ukinzani wa ohmu 0.05 tu unatosha kuleta upotevu huo. Chanzo huwa ni waya mwembamba, kishikizo cha fyuzi kilichoshika kutu, au skrubu isiyokazwa. Anayeongeza volti ili kufidia upungufu huu anaificha hitilafu, na joto linaendelea kula kiungo kile kile kibovu.

Volti ikishuka kwenye vituo vyenyewe vya saplai, zishuku kapasita za kuchuja, zinazolainisha umeme, ambazo hukauka kadiri zinavyokaa karibu na joto. Osiloskopu, chombo kinachoonyesha umbo la mawimbi ya umeme, husaidia sana hapa. Kwa umeme wa hezi 50, daraja zima la daiodi, linalogeuza umeme wa AC kuwa wa DC, huacha mawimbi madogo ya hezi 100. Ukiona ya hezi 50, huenda daiodi moja imekatika. Asiye na osiloskopu aiunganishe transmita na betri ya volti 12 iliyojaa: mvumo ukitoweka, saplai ndiyo yenye kosa.

Kuna hitilafu moja ambayo naamini huwapotosha hata mafundi wazoefu. Saplai hutulia kabisa kwenye mzigo bandia, lakini antena ikirudishwa, volti huyumba kwa kufuata sauti ya msemaji. Mara nyingi mawimbi ya redio yanaingia kupitia nyaya na kuivuruga sakiti inayodhibiti volti, kwa hiyo kubadilisha transista hakutasaidia chochote. Anza na antena na utuaji wake (kuunganishwa kwake na ardhi), kisha pitisha nyaya za umeme ndani ya pete za feraiti, na uweke kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01 kati ya kila kituo cha kutokea umeme na bodi, yaani kasha la chuma la saplai.

Kwa saplai za valvu, zenye maelfu ya volti, nasisitiza jambo moja kwa uzito wote: usiamini rezista ya kumwaga chaji. Ikikatika, kapasita hubaki imejaa hata baada ya kuzima. Kapasita ya mikrofaradi 50 kwenye volti 2,500 huhifadhi takriban jouli 156, kiasi kinachoweza kuua. Chomoa plagi, subiri, pima, kisha unganisha kapasita na bodi kwa fimbo maalumu ya kumwagia chaji yenye mpini usiopitisha umeme.

Marekebisho yenyewe ni mafupi. Ondoa transmita, weka mzigo wa rezista unaohimili mkondo ule wa takriban ampea 20, kisha zungusha polepole hadi 13.8. Volti isipoitikia, acha kuzungusha, kwani huenda transista ya kupitisha mkondo imeungana ndani (imepiga shoti), na katika saplai za transfoma za aina hii kinachotoka kinaweza kuzidi volti 20. Kwa sababu hiyo, kinga ya volti iliyozidi iwe imejaribiwa, na iwe inafanya kazi kabla ya kufika volti 16, ndipo transmita irudishwe.