Nimefomati diski zote, mbona mafaili yamerudi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Ofisini kwetu tunabadilisha kompyuta, na zile za zamani, sita kwa jumla, watapewa watu wengine. Zilikuwa na mikataba, orodha za mishahara na nakala za vitambulisho vya wateja. Nilifuta kila kitu, nikafomati diski zote. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi akachukua moja, akaendesha programu ya bure, na baada ya nusu saa akaniletea mafaili yetu karibu yote. Nimeishiwa nguvu. Nimesoma mahali kwamba diski lazima ifutwe mara 35 ndipo iwe salama. Nne ni diski za kawaida za kuzunguka, mbili ni SSD (zile za chipu, zisizo na kitu kinachozunguka), na mojawapo ya zile nne haiwaki kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza mshukuru huyo kijana. Alichokifanya mbele yako ndicho ambacho mtu usiyemjua angekifanya nyuma yako. Tena usimwache aende mbali, tutamhitaji mwishoni.

Unapofuta faili, hata ukimwaga na pipa la taka, kompyuta haigusi yaliyomo. Inafuta jina kwenye orodha yake na kuweka alama kwamba sehemu ile iko huru. Ni kama mwenye nyumba anayekata jina la mpangaji kwenye daftari na kuandika kwamba chumba ki wazi, ilhali mpangaji bado yumo ndani na vyombo vyake. Atatoka siku mwingine atakapoingizwa. Kufomati haraka ni kununua daftari jipya. Wapangaji wote wamo vilevile. Kufomati kikamilifu ni jambo jingine: katika Windows, kuanzia toleo la Vista, ukiondoa tiki kwenye kisanduku cha kufomati haraka, mfumo huandika sifuri katika sehemu yote unayoifomati. Nadhani hicho kisanduku ndicho kilichokuponza, maana huja kikiwa na tiki tayari.

Hili halijakupata peke yako. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Diski 129 kati ya hizo zilikuwa bado zinafanya kazi, na ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika zilizobaki walikuta mambo ya watu, zikiwemo namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Huenda wengi wa waliokuwa nazo waliamini wamefuta, kama ulivyoamini wewe.

Sasa hizo mara 35. Zinatokana na utafiti wa mtaalamu wa kompyuta Peter Gutmann wa mwaka 1996. Alipanga mifuatano ya tarakimu ya kuandika juu ya data kwa kufuata mbinu mbalimbali ambazo diski za zama zile zilitumia kuhifadhi biti kwenye sumaku. Hakuna diski hata moja iliyohitaji raundi zote 35, kwa sababu kila diski hutumia mbinu moja tu. Gutmann mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba kwa diski za kisasa utaratibu huo hauna maana. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uitwao 800-88, katika toleo la 2014 unasema kwa diski za sumaku, raundi moja ya sifuri kwa kawaida huzuia data isisomeke tena hata kwa vifaa vya maabara. Piga hesabu: diski ya terabaiti moja inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde inamaliza raundi moja kwa muda usiofika saa mbili. Raundi 35 ni saa 65 hivi. Huo muda utumie kuhakiki, usiutumie kurudia.

Tuanze na zile tatu za kuzunguka zinazowaka. Chomoa diski nyingine zote kwenye kompyuta unayofanyia kazi. Nasisitiza hili kwa uchungu: niliwahi kupokea diski yenye picha za familia ambayo mwenzangu katika fani hii aliifuta kwa kukosea herufi moja tu ya jina la diski, na hakukuwa na la kufanya. Ukitumia Windows, fungua `diskpart`, andika `list disk`, itambue kwa ukubwa wake, ichague kwa `select disk` na namba yake, kisha `clean all`. Neno `all` ndilo lenye kazi. `Clean` peke yake hufuta daftari tu. Diski yenye Windows unayoiendesha haiwezi kujifuta yenyewe, kwa hiyo iunganishe kama diski ya pili, au washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi. Huko, baada ya kutazama majina kwa `lsblk`, amri ni `dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=1M status=progress`, mahali pa `sdX` ukiweka jina la diski yako. Anayependa programu yenye menyu atumie nwipe.

SSD ndizo zinazohitaji akili zaidi, na ndizo ambazo ushauri mwingi unaozunguka unazikosea. Katika diski ya kuzunguka, ukiandika juu ya sekta fulani, yaani kipande kidogo cha diski, kichwa kinachosoma na kuandika kinarudi palepale. SSD haiwezi. Seli zake haziandikwi upya mpaka zifutwe kwanza, tena hufutwa kwa mafungu makubwa, na kila kufutwa kunazichosha. Kwa hiyo ndani yake mna kidhibiti kinachosambaza maandishi ili seli zote zichoke kwa usawa. Wewe unasema andika sifuri mahali pale. Chenyewe kinaziandika mahali pengine, kinabadilisha ramani yake, na data ya zamani inabaki kwenye seli ambazo mfumo wako hauzioni. Isitoshe, SSD nyingi zina akiba ya seli zaidi ya ukubwa uliochapishwa kwenye kibandiko. Ukiijaza sifuri mwanzo hadi mwisho, programu ya kawaida ya kurejesha mafaili haitaona kitu, lakini mtu atakayezing'oa chipu na kuzisoma moja moja anaweza kukuta mabaki.

Ndiyo maana SSD huambiwa ijifute yenyewe. Kwa zenye waya wa SATA amri huitwa Secure Erase. Kwenye Linux, `hdparm -I /dev/sdX` itakuonyesha kama diski inaikubali na kama iko katika hali ya `frozen`, yaani imefungwa isipokee amri hiyo. Ikiwa imefungwa, ilaze kompyuta usingizi kisha uiamshe. Mara nyingi inafunguka. Baada ya hapo unaweka nywila ya muda kwa `hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX`, halafu `hdparm --security-erase p /dev/sdX`. Fanya hivyo diski ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Adapta za USB zinaweza kukatiza amri katikati na kukuachia diski iliyofungwa kwa nywila. Kwa zile nyembamba za NVMe, amri ni `nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`. Kama mambo ya kuandika amri yanakutisha, angalia kwanza kwenye menyu ya BIOS (ile inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka) au programu ya kampuni iliyotengeneza SSD. Nyingi zina kitufe cha kazi hiyohiyo.

Usikubali jibu la diski kwamba imemaliza bila kuhakiki. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu amri hizi kwenye SSD kadhaa. Zipo zilizoitekeleza vizuri, na ipo iliyoripoti kwamba imefanikiwa huku data yote ikiwa imekaa ilipokuwa. Kwa hiyo soma diski nzima baada ya kufuta. `cmp /dev/zero /dev/sdX` hulinganisha diski na sifuri: ikisoma hadi mwisho bila kutaja tofauti, ni sifuri tupu. Kuna SSD ambazo hujifuta kwa kutupa ufunguo wa usimbaji wake wa ndani, yaani ule unaoifanya data isisomeke bila ufunguo huo. Hizo zinaweza kuonyesha takataka badala ya sifuri, na hapo unachotafuta ni kama kuna chochote kinachotambulika.

Ikiwa SSD yako inaikataa amri, au ina siri ambazo huwezi kuzihatarisha hata kidogo, usiigawe. Ivunje. Kila chipu moja moja lazima isagike, si ubao kupasuka tu katikati. Sumaku, hata iwe kubwa kiasi gani, haiigusi SSD, kwa sababu humo data haihifadhiwi kwa usumaku.

Na ile isiyowaka? Kufa kwa mota au bodi hakujagusa sahani zake, yaani yale maduara ya ndani yanayobeba data. Maabara inaweza kubadilisha kilichoharibika na kusoma kila kitu, na wewe huwezi kuiandikia sifuri kwa kuwa haipokei amri. Hiyo haigawiwi wala haitupwi ikiwa nzima. Ifungue, zitoe sahani, uziharibu uso mzima. Tundu moja la keekee linaharibu palipotobolewa tu. Sahani za diski ndogo za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali, kwa hiyo vaa miwani ya kinga na glavu. Usiichome moto, moshi wake ni sumu.

Kwa kompyuta mpya mnazozipokea, washa usimbaji wa diski nzima leo, kabla faili la kwanza halijaingia: BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Nasema kabla kwa sababu BitLocker ina chaguo la kusimba sehemu iliyotumika tu, na ukilichagua kwenye diski ya zamani, mafaili yaliyofutwa kabla yatabaki wazi katika sehemu inayohesabiwa kuwa huru. Siku ya kuziondoa kompyuta hizo, ukiuharibu ufunguo na nakala zake zote, kilichobaki ni takataka isiyosomeka. Hata diski ikifa ghafla, haina la kukunyima usingizi usiku.

Ukishamaliza zile tano, muite yule kijana. Mpe kila moja, aendeshe programu ileile aliyokuonyesha, nusu saa ileile. Asipopata kitu, andika kwenye karatasi namba ya mfululizo ya diski, tarehe, njia iliyotumika na jina la aliyehakiki, mtie sahihi nyote wawili, ndipo kompyuta hiyo itoke mlangoni.