"Shangazi, marehemu ni nani?"

Juma hili mmeuliza: mtoto aliyefiwa na mzazi, asaidiwe kusahau au kukumbuka? Mimi nasema akumbuke, na nimejifunza kwa kukosea.

Ndugu yangu alifariki akaacha mtoto wa kiume wa miaka 5. Tukamwambia babake amesafiri. Hapa Lamu aliyesafiri hurudi kwa boti, basi mtoto akawa kila alasiri anateremka gatini kutazama abiria waliotoka Mokowe, ng'ambo bara, wakishuka mpaka wa mwisho. Nilikwenda kumchukua mara tatu, ya tatu nikaona haya. Mtoto wa umri ule mara nyingi bado hajui kwamba aliyekufa harudi, ukimpa fumbo atalishika vivyo hivyo. Nikamwambia wazi: babako amekufa, amezikwa, harudi. Alilia sana. Kesho yake hakwenda gatini.

Kisha tukakosea tena. Jina la ndugu yangu likapotea nyumbani, ikawa "marehemu" tu, tena kwa kunong'ona, kwa sababu wifi yangu alikuwa edani. Siku moja mtoto akaniuliza, "Shangazi, marehemu ni nani?"

Tangu hapo tunasema "babako". Babako alipenda samaki wa kupaka. Babako alikuwa mkali ukigusa sindano zake. (Msimgeuze malaika, mtoto alimjua.) Ijumaa huenda makaburini na ami yake, akasoma Fatiha. Chuo cha Kurani amefunzwa hadithi ya Mtume kwamba mtu akifa amali zake hukatika ila tatu, na moja ni mtoto mwema anayemuombea. Imempa kazi, naye alitaka kazi kuliko maneno ya kumbembeleza. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani, akina Dennis Klass na Phyllis Silverman, waliandika kwamba mfiwa hahitaji kukata uhusiano na aliyekufa ndipo apoe. Bibi zetu wanaosomesha hitma za kuwaombea wafu wangeshangaa kuwa hilo ni jambo jipya.

Ndugu yangu alikuwa akishona kofia za kiua, zile za kutariziwa kwa mkono. Aliacha moja nusu, sindano imo. Wifi alitaka kumpa fundi aimalize iuzwe, nikamsihi asiiuze. Sasa mtoto ana miaka 8 na anaishona mwenyewe. Viua vya babake ni vidogo, vimepangika. Vyake vimetoka vikubwa kama macho ya ngisi na vimekwenda upande. Juzi fundi jirani, kwa nia njema, alitaka kuvifumua avinyooshe. Mtoto ameificha kofia chini ya mto wake.