Pua ikiziba baada ya asprini, angalia saa

Mjini Moshi, baridi ya Juni na Julai ikiingia, nusu ya mtaa ina mafua, kwa hiyo pua kuziba haimshtui mtu. Angalia saa. Pua ikiziba, macho yakawa mekundu na kifua kikabana kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kumeza asprini, hayo si mafua; huenda mwili wako haupatani na asprini. Wengine hutoka mabaka yanayowasha, au hushtukia kope na midomo imevimba. Wenye pumu na nyama za pua wawe macho zaidi.

Muuzaji wa duka la dawa akikupa ibuprofeni au diklofenaki “badala yake”, kataa. Hazina salisileti, yaani kundi la kemikali ambalo asprini imo, lakini zinazuia kimeng'enya kilekile mwilini kinachozuiwa na asprini. Parasetamoli ya miligramu 500 wengi huivumilia. Vidonge viwili kwa mpigo huwaletea baadhi yao shida.

Geuza na kopo la dawa ya kuchua usome maandishi madogo. Ukikuta neno lenye “salicyl” ndani yake, ni jamaa yuleyule: methyl salicylate ndiyo ile harufu kali inayopanda puani, na salicylic acid imo kwenye mafuta ya fangasi ya Whitfield.

Chakula ndipo watu wanapopotea. Salisileti ya kwenye sahani ni ndogo mno ukilinganisha na kidonge cha miligramu 300, ila hujumlishana: manjano, binzari nyembamba, nyanya ya kopo, asali, chai ya rangi, zabibu kavu. Pilau peke yake yaweza kupita salama, kesho yake chai ya viungo yenye asali ikaamsha mabaka. Mtori wa ndizi, nyama na chumvi tu hauna salisileti ya kutajika. Ukikuwasha huo, tafuta sababu nyingine.

Andika daftari wiki mbili: ulichokula, ulichomeza na kiasi chake, ulichojipaka, dalili ilianza saa ngapi, ikaisha lini. Mpelekee daktari. Hakuna kipimo cha damu wala cha ngozi cha kutegemewa. Hali hii huthibitishwa kwa mgonjwa kupewa asprini kidogo kidogo hospitalini, chini ya uangalizi. Tafadhali usijaribu nyumbani, na usimnyime mtoto matunda miezi mizima kwa kubahatisha.

Pumzi ikimkata mgonjwa, mkalishe wima, mpe pampu yake ya pumu kama anayo, tafuta bajaji au gari la jirani mara moja. Bodaboda hapana, anaweza kuzimia njiani.

Na anayetumia asprini ya moyo asiiache kabla ya kumwona daktari wake.