Huyo nzi mwenye miiba mgongoni ni nani?

Ndugu, umeuliza kama nzi wa kijivu uliyempiga picha kwenye majani ya nyanya ni yule anayeua viwavi, au ni nzi wa kawaida tu. Kwa picha hiyo moja ya kutoka juu, naelekea kusema ni wa familia ya Tachinidae, yaani hao wanaoua viwavi, lakini sitaapa.

Kinachonivuta ni tumbo. Limejaa nywele nene, ngumu, zilizosimama kama miiba ya nungunungu, hasa kuelekea mkiani. Nzi wa nyama naye ni wa kijivu, ana mistari mitatu myeusi kifuani na tumbo la madoadoa ya mraba, ndiyo maana wengi huwachanganya.

Mpige tena kwa ubavu, asubuhi kukiwa bado na ubaridi, maana hapo huwa mzito kuruka. Vuta karibu pale kifua kinapokutana na tumbo: chini ya kile kibamba kidogo cha nyuma ya kifua, Tachinidae wana kinundu cha pili kilichotokeza. Ukikiona, shaka imepungua sana. Piga na uso pia, na mabawa yakiwa wazi.

Jina kamili la spishi usilitarajie kutoka kwenye picha. Zimeshaelezwa zaidi ya 8,000, na nyingi hutofautishwa kwa darubini tu.

Halafu kagua viwavi wenyewe. Ukiona vijiyai vyeupe vimegandishwa karibu na kichwa, huenda ni vya nzi huyo, basi usimponde kiwavi. Mfungie kwenye chupa yenye majani, uone atatoka nani.