Kabla ya kulinganisha mishahara, uliza ratiba iko mikononi mwa nani

Dada uliyeanzisha uzi, nimesoma majibu yote na mengi ni wimbo mmoja: kazi ni kazi, vumilia, kuna wanaoililia nafasi hiyo. Umesema unapokea simu za wateja huko Upper Hill, Nairobi, mshahara unaingia kwa wakati, lakini kila Jumapili jioni tumbo linavuruga na usingizi hauji. Umepata kazi nyingine yenye mshahara mdogo kidogo na hujui uhame au ubaki. Mimi nitasema niliyoyapitia.

Nilifanya kazi kama yako upande wa Mombasa Road. Pembeni mwa skrini kuna namba nyekundu ya wateja wanaosubiri. Ukienda msalani unabonyeza kitufe, saa inaanza kuhesabu, na ukizidisha jina lako linabadilika rangi kwa supavaiza. Hayo niliyazoea. Kilichonimaliza ni zamu. Ratiba ya wiki ilitumwa kwenye grupu la WhatsApp Jumapili usiku, na hata hiyo ingeweza kupinduliwa kesho yake. Huwezi kupanga siku ya kumpeleka mtoto kliniki, mkutano wa chama unaukosa, na ukiwa umepumzika nyumbani simu ikilia tu unashtuka.

Baadaye nikahamia bohari moja Industrial Area. Vumbi, mgongo kuuma, na mshahara ulishuka. Lakini zamu za mwezi mzima zilibandikwa ukutani, na ukitaka kubadilishana na mwenzako mnaandika kwenye daftari la msimamizi, yamekwisha. Nikaanza kulala usiku.

Kumbe jambo hili lina wataalamu wake. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alichambua takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, akaona kwamba kinachochosha akili zaidi ni kazi nyingi ikikutana na uwezo mdogo wa kuamua. Mwenye kazi nyingi lakini anayejipangia hayuko hali moja na asiye na kauli. Uingereza nako, tafiti za watumishi wa serikali jijini London alizozichambua daktari Michael Marmot na wenzake zilionyesha kwamba wa vyeo vya chini ndio waliokuwa wakifa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Sisi huku tunadhani presha ni ya mabosi!

Pesa nazo zina nafasi yake, sikudanganyi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa amani ya moyo. Ila mtafiti Johannes Siegrist alipoandika mwaka 1996 juu ya jasho lisilolipwa, katika malipo alihesabu pia heshima, nafasi ya kupanda cheo na uhakika wa ajira. Ukifokewa mbele ya wenzako kila wiki, hayo ni makato hata kama hayaonekani kwenye karatasi ya mshahara.

Kwetu waliwahi kuleta mshauri nasaha atufundishe namna ya kupumua. Mama mzuri sana, na ushauri nasaha una faida yake. Lakini jioni ile ile ratiba ikabadilishwa tena, sasa utapumua mara ngapi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa mwaka. Kama hupati hizo, weka kumbukumbu za zamu zako zote kisha nenda ofisi ya kazi ya serikali. Usiende na maneno matupu.

Kuhusu hiyo kazi mpya, usisaini kabla ya kuuliza zamu zinatangazwa mapema kiasi gani, nani anaweza kuzibadilisha, na kama kubadilishana na mwenzako kunaruhusiwa. Uliza pia zamu ya usiku inaisha saa ngapi na kama kuna gari la kampuni, maana kwa Nairobi safari ni nusu ya kazi. Kusimama stejini saa tano usiku ukingoja matatu ijae kunakula usingizi wako. Wakisema "itategemea mahitaji ya kampuni", waombe wataje muda wa notisi, wauandike kwenye mkataba. Wakikataa, baki ulipo kwanza huku ukiendelea kutafuta, kwa sababu ukihama utakuwa umehamia shida ile ile kwa mshahara mdogo.